Kitendawili cha Ng'ombe Sofia

Yaya Béatrice, dada yangu mkubwa,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nimechoka. Ningekuwa na kisingizio kizuri zaidi ningekitumia, lakini weye unanijua. Tangu tulipokulaza chini miezi saba imepita. Kila siku ya Mungu nilikuwa nasema leo nitaandika, halafu vikwembe vya watu vya kushonwa vinanitazama pale kwenye mashine, Mama anaita, mvua inaingia kwa pembe ya chumba chetu, na siku inakwisha. Leo sindano yangu ya mwisho imevunjika na muuzaji amefunga. Basi nimekaa.

Nianze na simu yako, maana mengi yalitokea humo.

Asubuhi ile uliyotuacha, mimi ndiye niliyeitoa chini ya mto ili niwaambie watu wa grupu lako la mafumbo. Sikujua niandike nini. Wao walikuwa wanangoja kitendawili cha saa kumi. Niliandika tu: "Mwalimu Béatrice hayuko tena. Mimi ni Solange, mudogo wake." Halafu nikakaa chini, nikaiona simu inatetemeka juu ya kiti kama kuku aliyefungwa miguu, watu wanaandika na kuandika, nami sikuwa na nguvu ya kusoma.

Weye hukujua ni wangapi waliokupenda kupitia kile kimchezo. Mimi mwenyewe sikujua. Figo zilipokufukuza darasani nilidhani utalia, lakini ulilala siku mbili ukitazama ukuta, siku ya tatu ukafungua darasa lingine ndani ya simu, ukaliita Mwisho Mumoja. Kila siku saa kumi kamili, fumbo moja, na jibu lake maneno mawili yenye mwisho unaofanana. "Amenunuliwa sokoni kabla ya jana, bado analia." Mimi napiga kelele kutoka kwenye mashine: mbuzi wa soko. Unacheka mpaka unashika ubavu. "Solange, umeleta jibu, hujaleta mwisho wake. Mbuzi wa juzi." Kila mara vile vile. Watu wanajibu huku wanatwanga majani ya sombe, huku wanangoja wateja, mwingine yuko hospitali na mugonjwa wake. Mtu wa mtaa wa Ngezi alipotuma "taa ya kartye yetu isiyodai mafuta," nusu ya grupu ilijibu kwa pamoja, mwezi wa Ngezi, hata mimi nilipata, nikajiona professeur.

Kuna ile moja uliyotuma siku redio ilipotangaza tena kwamba sasa bunduki zimenyamaza. "Tulikuwa nayo, tunasikia inarudi, hatujaiona mlangoni." Saa nzima hakuna aliyejibu. Nafikiri wote walijua. Mwishoni Mama Kavira akaandika, amani ya zamani.

Mama Kavira alikuja kwenye kilio, yaya. Sikuwahi kumuona kwa macho, yule mama wa Butembo anayeuza maharagi hapa Bunia, mtaa wa Bigo. Alishuka kwenye moto, pikipiki ya kukodi, na gunia na sufuria kubwa, akauliza jiko liko wapi, akapika siku tatu bila kuambiwa na mtu. Kila alipogeuza bugali alikuwa anafuta macho kwa kiwiko. Kwa sababu yake watu wetu walikula.

Sasa nikuambie jambo ambalo nimeona haya nalo.

Siku ile ile ya kwanza Papa Zawadi aliandika kutoka Gety. Aliomba ruhusa kuja kulia pamoja nasi. Mimi nilimjua kama ulivyonieleza: mukulima anayemletea Mama Kavira maharagi, anayepanda kilima kila saa kumi kutafuta rezo ya simu, ndiyo maana majibu yake huja yamechelewa, matatu kwa pamoja. Mtu mpole. Lakini ni wa Gety, upande ule tuliokimbia wakati wa vita. Nilitazama watu waliokaa kwenye viti uani, wajomba, mashemeji, kila mmoja na mtu wake aliyepotea kule. Nikatazama Mama. Nikamjibu Papa Zawadi kwamba njia ni mbaya, asijisumbue.

Njia siku ile ilikuwa nzuri. Yeye aliandika maneno mawili tu: "Nimeelewa, mama."

Tulikuzika. Mvua ilitusubiri tumalize, halafu ikanyesha.

Baada ya hapo nilifanya kazi tu. Nilishona uniforme za watoto wa shule yako, nikawa naona majina yao kwenye karatasi, najua ni yupi uliyemsifu na yupi aliyekuibia chaki. Grupu lilinyamaza. Mama Kavira alijaribu kutuma mafumbo mawili matatu, watu wakajibu kwa adabu, halafu naye akaacha. Mama alikuwa haulizi kitu. Paa lilizidi kuvuja. Nilimwambia tena kuhusu ile nyumba ya mjomba iliyo wazi, kavu, bila kodi, naye akanijibu kama alivyotujibu weye na mimi miaka yote: "Désiré akirudi ataniuliza wapi? Hapa ndipo nilipowaambia watu wa njiani wamulete."

Unakumbuka. Mwenye nyumba wa kwanza alikufa, wa pili akauza, siye tuko palepale, kwa ajili ya kaka yetu aliyerudi nyuma siku ya kukimbia kufuata ng'ombe na hakutukuta tena. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Weye ulikuwa na kumi na sita, ulijua kilichowezekana. Mama hakukubali hata mara moja misa isomwe kwa jina lake. Mapadri wawili walijaribu.

Mwezi wa tatu baada ya weye kwenda, Mama aliomba aone picha zako zilizokuwa kwenye simu. Nikaifungua nizitafute. Ndipo nilipoona ujumbe wako na Papa Zawadi, mbali na grupu, mrefu, wa miezi mine.

Yaya, nilisoma nimesimama. Sikuweza kukaa.

Mchana ule yote yalipoanza ninaukumbuka vizuri, ndilo linaloniuma. Ulikuwa na homa. Saa kumi imefika, huna fumbo jipya. Ukaniambia, "Leo ninawapa cha nyumbani, hakuna atakayepata, wateseke kidogo." Ukaandika: "Nyeupe, haivuliwi hata kanisani, na mwenye nayo anakula majani." Mimi nilicheka, kwa sababu ndicho kitendawili pekee cha Désiré nilichokumbuka. Yeye ndiye aliyetufundisha mchezo wote ule, njiani kwenda mutoni, ili tusisikie uzito wa bidoni za maji. Na Sofia alikuwa ng'ombe wetu, mwekundu, mwenye doa jeupe katikati ya pembe. Kofia ya Sofia. Ni nani duniani angejua?

Dakika mbili hazikuisha. Papa Zawadi, ambaye siku ile hakuchelewa: "Ni kofia ya Sofia."

Mimi nilisema amebahatisha, majina ya kike yanayofanana mwisho na kofia si mengi, kisha nikaendelea na pindo langu. Weye uliweka simu juu ya kifua. Uliomba maji. Nilikuletea, hukunywa. Nilidhani ni ugonjwa.

Weye hukuamini kwamba amebahatisha. Jioni ile ulimuuliza peke yake: nani alikufundisha hii? Akajibu, "Mutoto wangu Zawadi. Yeye alifundishwa na mugeni, wakati wa vita." Ukauliza kama mugeni alikuwa na jina. Naona pale ulingoja, maana jioni ile hakujibu, wala kesho yake. Nafikiri alikuwa anajiuliza weye ni nani. Siku ya tatu aliandika: "Désiré."

Aliandika polepole, kidogo kidogo, kila saa kumi juu ya kilima chake. Kwamba alimkuta karibu na mto, nyuma ya shamba lake la mihogo, risasi kwenye paja. Alimbeba mpaka jiko la nje, akamficha chini ya majani ya kuezekea. Watu wake wangejua, wangewaua wote wawili. Kwamba mke wake alimpa uji, na Zawadi, mwenye miaka saba, alitumwa kumpelekea maji kwa siri, na Désiré alimlipa kwa vitendawili, kimoja kwa kila kikombe. Siku nne. Kidonda kilioza. Siku ya tano asubuhi alikufa. Papa Zawadi alimzika nyuma ya nyumba, akawaambia majirani ni binamu wa mke wake, ili kaburi lisiguswe. Hakujua jina la baba, wala kilima chetu, wala kama kuna aliyebaki wa kuambiwa. Alikuwa na jina moja na vitendawili vya mtoto.

Ulimuuliza, alilia? Alikujibu: "Hapana. Aliuliza kama ng'ombe ilivuka muto. Nilimuambia ndiyo. Sikujua, mwalimu. Nilimuambia tu."

Na mwisho kabisa, wiki mbili kabla ya kufa, weye: "Nipe wakati. Mama anasimama kwa sababu ya kungoja. Nikipona nitamuambia mwenyewe."

Nilikukasirikia. Ni lazima niseme, kwa sababu hapa hakuna mwingine wa kumwambia. Miezi mine ulilala kitanda kimoja nami, ulinitungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yako yalikuwa bora, ulinirekebisha vitendawili, na ulijua alipo kaka yetu. Kwa siku kadhaa sikutaka kuona picha zako. Nilizigeuza zote ukutani. Mama aliona.

Halafu hasira nayo ikachoka. Nilijiuliza mimi ningefanya nini, nikaona kwamba mimi ndiye niliyemzuia mtu huyo, mtu aliyeomba kuja kumlilia dada baada ya kumzika kaka. Nilikumbuka "Nimeelewa, mama." Nilimwandikia. Sikujua kuomba msamaha kwa simu, nikaandika vibaya, nikafuta, nikaandika tena. Mwishoni niliandika: "Mimi ni mudogo wa Désiré. Njia haikuwa mbaya. Nisamehe." Jibu lilikuja kesho yake saa kumi. Aliuliza ni lini aje.

Tulikutana kwa Mama Kavira, Bigo, kwa sababu pale hakuna wa upande wowote atakayeuliza. Alikuja siku ya soko, juu ya magunia, na Zawadi akiwa kando yake. Yaya, nilimfikiria Papa Zawadi mtu mkubwa. Ni mwembamba, jino moja la mbele halipo, ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa ofisini. Zawadi sasa ni mama wa watoto wawili. Aliponiona alinitazama sana usoni, akasema nina paji la uso la Désiré. Mama Kavira alinivutia kiti, akatuwekea chai, akatoka kwenda kupima maharagi ambayo hayakuwa na haja ya kupimwa.

Papa Zawadi aliniambia jambo moja ambalo hakukuandikia. Kwamba miaka yote ile, kijana wa kilima chake akitaka kulima nyuma ya nyumba, yeye anasimama mlangoni na kusema hapo ni pa wakwe, na kwamba kila anapolisema anaogopa, na bado anaogopa. Kuja Bunia kumwona mtu wa kwetu si jambo dogo kwake. Amewaambia majirani anakuja kununua dawa ya mbuzi. Nilimuuliza kwa nini alikubali. "Mimi pia niko na watoto," alisema. "Kama mumoja anapotea, nitataka mutu anipigie simu."

Basi ikabaki Mama.

Nilijizungusha wiki nzima. Kila nikifungua mdomo, naomba chumvi. Siku ya soko iliyofuata Papa Zawadi na binti yake walirudi, nikamketisha Mama kitandani pako, nikamwambia kuna wageni. Nilikuwa nimepanga maneno mengi lakini Papa Zawadi alipoingia alipiga magoti, mzee yule, na maneno yangu yote yakaisha. Yeye ndiye aliyesema. Alisema kwa Swahili yetu ya nyumbani, bila kupamba, tangu muto mpaka asubuhi ya tano. Mama alisikiliza akiwa ameshika mguu wa kitanda. Nilingoja apige kelele. Nilikuwa nimeacha hata mlango wazi ili majirani waingie haraka.

Aliuliza mambo mawili. La kwanza: "Mulimupa maji?"

Zawadi ndiye aliyejibu, akimwita bibi. "Ndiyo, koko. Mimi ndiye nilimupa."

"Alikunywa?"

"Alikunywa."

Mama alimwita akae karibu, akachukua mkono wake, akaugeuza, akautazama ndani, ule mkono uliobeba kikombe. Akauliza la pili, alikuwa anasema nini mutoto huyu. Zawadi alianza kuhesabu vitendawili. Alikumbuka saba, yaya. Saba. Mimi sikuvijua sita kati ya hivyo, na weye pengine ulivijua vyote. Kwenye cha nne, cha mwizi wa mizizi, Mama alitoa sauti ambayo sikuielewa mpaka nilipomtazama. Alikuwa anacheka. Kisha akalia, na alilia mpaka jua likageuka, Zawadi akiwa amemshika mabega, mimi nimeshika miguu.

Kesho yake aliamka mapema, akakunja nguo. Nikamuuliza anafanya nini. Alisema mjomba aulizwe kama ile nyumba bado iko wazi.

Tulihama. Unaweza usiamini, lakini tulihama, safari tatu za chukudu, ule mkokoteni wa mbao. Hapa hapavuji.

Kwenda Gety kulituchukua muda. Mara ya kwanza tulirudishwa kwenye bariyeri ya barabarani, askari akasema huko mbele asubuhi watu wamepigana risasi, rudini mukalale. Mara ya pili shofa wa Mama Kavira alikataa kuwasha gari, na hakutaka kusema alichosikia. Nilimwambia Mama tuache mpaka mambo yatulie. Alisema ameshangoja vya kutosha kwa mtu mmoja.

Siku ya ine iliyopita, Alhamisi, tulifika. Mama amekaa mbele na shofa, mimi na Mama Kavira juu ya magunia matupu. Vilima vile vile, yaya, kijani kile kile, wanawake wanapalilia, watoto wanapunga mkono. Nilitafuta kwa macho mahali petu, na sikupajua.

Kaburi liko safi. Papa Zawadi alipanda maua mekundu pembeni, yale yasiyoliwa na mbuzi. Majirani walikuja kusimama mbali, wanaume wengine wakiwa na mikono nyuma. Papa Zawadi akawageukia, mbele yetu, akawaambia kwa sauti kwamba huyu si binamu wa mke wake. Akawaambia ni nani, na sisi ni nani. Mke wake alishika shavu. Kisha mzee mmoja akatoka katikati yao, akapita mbele yangu bila kunitazama, akamwendea Mama. Alisema, "Pole, mama. Na siye pia iko wetu walipotelea kwenu, hatujui pale walilala." Mama alimjibu: "Munipe majina yao. Nitauliza."

Sikutegemea hilo. Mzee naye hakutegemea. Alitaja majina mawili, vijana wake, na Mama akanigeukia niandike. Niliandika kwenye simu yako, kwa sababu yangu ilikuwa imekwisha moto wa betri.

Mama aliomba jembe. Hakukuwa na jani la kupalilia pale, lakini alipalilia, akaomba padri wa kwetu asome misa, na mbili zisomwe pamoja, yako na ya Désiré. Ni mwezi ujao.

Njiani kurudi, alinifanya nikae naye mbele. Alikuwa ameegemea mlango. Nilidhani amelala. Aliuliza, "Béatrice alijua?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimelitayarisha hilo hapana tangu siku niliyogeuza picha zako. Nilisema, "Alijua, Mama. Aliogopa kukuambia." Gari lilipanda, likashuka. Nilihesabu mashimo. Mama alisema, "Alibeba peke yake. Na vile alikuwa mugonjwa." Halafu alilala kweli, kichwa kwenye bega langu, mpaka taa za mji.

Hana hasira na weye. Nami imeniisha, ingawa siku nyingine inarudi kidogo asubuhi, nikiona upande wako wa kitanda, halafu inakwenda. Nimechoka, yaya. Nimechoka kwa ajili yako, kwa ajili ya Désiré niliyekuwa simkumbuki sura, na kwa ajili ya Mama ambaye sasa anakula vizuri na kuzeeka kwa haraka. Watu wanasema mambo yametulia. Kila mtu anasema hivyo huku akiwa amefunga mzigo mdogo karibu na mlango. Wetu pia uko.

Yale majina mawili nimeyatuma kwa watu wa Mwisho Mumoja wote, kila mmoja aulize kwao. Mtu wa Ngezi amejibu kwamba atamuuliza baba yake, ambaye hapendi kuulizwa. Sijui kama tutapata. Wameniuliza pia nani sasa atatuma fumbo la saa kumi, na mimi unajua siwezi, mimi ni mtu wa majibu bila mwisho. Zawadi amekubali kutuma. Atapanda kilima pamoja na baba yake.

Lala, Béatrice wa mama yangu. Kumwambia Mama hukukamilisha, mimi nimekamilisha, usihangaike huko uliko. Nakuahidi yale majina ya mzee sitayaweka pembeni, hata nikichoka namna gani, na nikijua jambo lolote, zuri au baya, nitalisema siku ile ile, kwa Mama na kwa mama wa mtu mwingine.

Mudogo wako,
Solange